Mabadiliko Ambayo Hukunipa Niyasome

Afande,

Leo ni Jumamosi na nimefagia. Nimekaa upande wako wa meza, kwa sababu upande wangu umejaa simu za watu wanaochaji. Umeme umekatika kule juu kwenye maghorofa, huku kwetu upo, kwa hiyo majirani wote wa Bukoto wamenikumbuka asubuhi hii. Kiti chako bado kinayumba. Nimekiwekea kile kipande cha boksi ulichokuwa unakiweka.

Sijui nianzie wapi. Mama aliniambia niandike, labda nitaacha kuongea na kompyuta. Basi nakuandikia wewe, na nitasema kwanza lililonileta, nisije nikazunguka mpaka nikaliacha. Ulinisaliti, Afande. Nimetafuta neno jepesi kuliko hilo. Nimelitafuta kwa nia njema kabisa, na sikulipata.

Hukuwa askari, wote waliokuzika wanajua. Baba yako ndiye aliyekuwa polisi, nawe ulizaliwa kambini ukajifunza Kiswahili kwa kusikia watu wakiamrishwa. Siku ya kwanza uliyoingia dukani hukusalimu wala hukuomba. Ulinisukumia simu ukasema, "Wewe, chaji hii. Haraka." Nikakujibu, "Ndiyo, Afande," kwa kukukomoa. Ukacheka mpaka ukashika mlango. Tangu siku hiyo sikukuita Ojok tena, na wewe hukuniita Furaha isipokuwa umekasirika. Nilikuwa Mukongomani.

Kilichokurudisha baada ya kuchukua simu yako kilikuwa Kiswahili changu. Ulikuwa na programu yako, Kabati, uliyoianza ukiwa mwanafunzi kwa ajili ya zahanati ya kambini kwenu, ambako dawa zilikuwa zinaharibika kwenye rafu kwa sababu hakuna aliyekuwa akikumbuka tarehe. Uliiweka wazi mtandaoni, kila mtu achukue bure, asome ndani yake, arekebishe akiweza. Watu wakaichukua, zahanati za huku na za nchi ambazo wewe na mimi hatutafika. Ila maneno ya Kiswahili uliyoyaweka humo ulikuwa umeyaandika mwenyewe. "Wewe Mukongomani iko na Kiswahili ya Biblia," ulisema. "Soma hii maneno yangu, uniambie kama mgonjwa atakufa."

Nilisoma. Nilikuambia mgonjwa hatakufa, ila nesi atatukanwa na kompyuta. Ukavuta kiti, hiki kinachoyumba, ukakaa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilianza na maneno ya kwenye skrini, kisha nikauliza yanatoka wapi, ukanionyesha msimbo wenyewe. Sikuwa nimesoma chochote cha kompyuta. Nilikuwa nimemaliza sekondari tu, na hiyo kwa kusukumwa. Hukunifundisha kuandika kwanza. Ulinifundisha kusoma. Ulisema kuandika kila mtu anakimbilia, kusoma hakuna anayetaka. Ulisema, "Mara ya kwanza soma ile iko. Mara ya pili soma ile hakuna." Nilidhani ni masihara yako. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa kubwa mara nyingi haliko kwenye mstari wowote. Liko kwenye mstari ambao mtu alisahau kuuandika.

Na tulikuwa na sheria moja, Afande. Moja tu. Mmoja anaandika, mwingine anasoma. Hakuna kitu kinachoingia Kabati bila macho ya mtu wa pili, hata nukta, hata kama mwandishi ni wewe mwenyewe uliyeianzisha. Msomaji akikubali anaweka "Imesomwa" na jina lake chini. Akikataa, kitu hakiingii, na hakuna kununa. Mwanzo wasomaji wako walikuwa watu wa mbali, wanajibu wakitaka. Baadaye nikawa mimi. Nimepita kwenye historia ya Kabati juzi, nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na tangu nilipoanza kusoma, kila kitu chako kina jina langu chini yake. "Imesomwa, Furaha." "Imesomwa, Furaha." Yale niliyokukatalia pia yapo. Ulinijibu kwenye moja, "Sawa mwalimu." Niliwahi kuringa wiki nzima kwa ajili ya hilo neno.

Kazi yenyewe haikuwa na la kusimulia. Mama alikuwa akiuliza tunafanya nini Jumamosi zote hizo, na nilishindwa kumweleza, mpaka siku moja nikamwambia tunafagia. Likawa jina lake. Tunaangalia vile vifurushi vya msimbo wa watu wengine ambavyo Kabati inavitegemea, kama vimebadilika tunavibadilisha. Tunaendesha majaribio yote, tunaona lipi limeshindwa na kuwa jekundu. Tunajibu walioandika malalamiko. Tunatoa kisichotumika tena. Hakuna aliyewahi kuandika kutupongeza kwamba leo Kabati imefanya kazi kama jana. Wewe ulisema hiyo ndiyo sifa yenyewe, wakinyamaza ujue ni pasafi.

Unakumbuka yule mtu aliyetuandikia kwamba Kabati ni takataka na wewe ni mvivu? Mimi nilikuwa nimeshaandika jibu, refu, lenye pilipili. Ukaweka mkono juu ya kibodi. "Hapana jibu kabla ya kula." Tukaenda kwa yule kijana wa kona, ukanunua roleksi mbili, chapati zilizokunjwa na mayai ndani, ukala yako polepole na mayai yakikuchuruzikia kidoleni, huku mimi nimeishika yangu inapoa. Tuliporudi ulimwandikia, "Asante kwa kutuambia. Imeharibika wapi?" Na kweli, ilikuwa imeharibika. Yule mtu alikaa nasi baadaye, akawa anatuletea marekebisho mazuri.

Na kuna ule mstari nilioukuta mwanzoni kabisa, ndani ya sehemu ya zamani, uliouandika kabla sijafika Kampala. "Hapa nimechoka. Mtu mwingine arekebishe." Nilicheka sana. Nilirekebisha, nikaufuta, na pale pa kueleza nilichofanya nikaandika, "Mtu mwingine amefika." Uliweka "Imesomwa, Ojok" bila neno lingine. Lakini siku hiyo uliondoka dukani unapiga mluzi.

Kwa hiyo niambie ulipoandika kwamba hakuna mtu mwingine, ulikuwa unafikiria nani.

Figo zako zilipoanza kukataa nilijua. Hukunificha hilo. Nilikuwa nikija nawe hospitali Jumamosi, wewe umelala na mirija mkononi, mimi na kompyuta mapajani, nakusomea mabadiliko kwa sauti ndogo ili wagonjwa wengine wasichoke nasi. Yule mzee wa kitanda cha pili alidhani tunasali. Ulikuwa ukifumba macho, ukisikia kitu hakikai unainua kidole.

Kisha ikaja ile Jumamosi uliyonipigia mapema. Ulisema, "Leo hakuna kufagia. Pumzika." Nilishangaa, ila nilifurahi, nisikudanganye. Nilikwenda soko la Owino na mama kutafuta kitenge chake cha harusi ya binamu. Tulipopita kwenye mitumba nikakumbuka ulivyokuwa ukilalamika miguu baridi, nikachagua soksi. Nilichukua muda, nilizipekua nyingi, nikapata za sufu za kijani zisizo na tundu. Jioni nilikuletea. Ulizishika ukasema, "Soksi ya jeshi hii." Ukanitazama kidogo, nikadhani ni shukrani. Ukazivaa pale pale.

Sasa najua ulichofanya asubuhi ile. Wakati mimi napekua soksi, wewe ulikuwa unaifunga Kabati.

Nilisikia mazishini. Hilo ndilo linalonirudia. Nilipanda basi mpaka kwenu kaskazini, nikakaa na wanawake, nikalia pamoja na wengine. Baada ya udongo kurudishwa akanijia Wasswa, yule kijana wa ofisi za mjini anayetuletea marekebisho mara kwa mara. Alinipa mkono akasema, "Pole sana dada. Yaani na Kabati pia imekwenda. Ila alituaga vizuri." Nikamwambia ndiyo. Sikujua anasema nini. Nilisema ndiyo, nikaenda nyuma ya nyumba, nikafungua simu, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha, nikawa nimeinua mkono kama mwendawazimu mpaka ukurasa ukafunguka. Juu kabisa palikuwa na maneno yako.

"Kabati imefika mwisho. Ninaumwa, na hakuna mtu mwingine wa kuitunza. Asanteni kwa miaka yote. Tafuteni nyingine."

Na chini yake lile tangazo la mtandao wenyewe, kwamba mradi umefungwa, unaweza kusomwa lakini haubadiliki.

Nilisoma mara ya kwanza kile kilichopo. Nikasoma mara ya pili, kama ulivyonifundisha, kile kisichopo. Nilikuwa mimi.

Ungeandika kwamba umechoka, ningekuelewa. Ungeandika kwamba hutaki iendelee, ni yako, uliizaa. Uliandika hakuna mtu. Watu wa nchi ambazo sizijui walisoma kwamba hakuna mtu, na jina langu limejaa humo ndani kama mchanga.

Jioni ile nilikuwa nasugua masufuria na dada yako Akello. Nilimuuliza polepole kama alijua. Hakuinua uso. Alisema ndiye aliyekushikia kompyuta. Alisema uliwaandikia wachache mapema, wenye zahanati nyingi, wajiandae. Kisha akasema, "Alisema Furaha asiambiwe. Alisema ukiambiwa utakataa."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hiyo kazi ilimkula. Alisema hataki ikukule na wewe. Alisema, mwacheni mtoto wa watu aolewe, apanue duka lake."

Akello ni mwema, na aliyasema kama mtu anayekabidhi zawadi. Alitegemea nitafarijika. Niliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

Nimelifikiria sana tangu hapo, kwenye basi la kurudi, na hapa dukani. Najua ulinipenda kama ndugu. Najua ulikuwa na maumivu. Lakini, Afande, ulijua nitakataa. Ulijua msomaji wako atasema nini, ndiyo sababu ukampita. Kwa miaka yote ile hukuingiza hata nukta bila mimi, na kitu pekee ulichoingiza peke yako ni kile cha kunitoa. Kama sheria ilikuwa ya nukta tu, na si ya mambo makubwa, basi mimi nilikuwa nasoma nini? Nilijiona mwenzako kazini. Kumbe nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, ambaye siku ya jambo lenyewe anatumwa kupumzika, na yeye anakwenda kununua soksi.

Nilifunga kompyuta nikaiweka juu ya kabati la nguo la mama. Nikasema basi, amenipumzisha, nitapumzika. Jumamosi nilikuwa nafua. Mama alinitazama nikifua nguo safi.

Kisha akanipigia Sista Nabirye wa kule Ggaba, yule mwenye zahanati ndogo karibu na wauza samaki, ambaye hukuwahi kumaliza kucheka namna anavyoiita Kabati kana kwamba ni mtoto wake. Hakujua kwamba imefungwa, na hakujua kwamba umekufa. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiganda, "Nnyabo, kakabati kangu kamekuwa kipofu. Tarehe hakuna." Nilimwambia habari zako. Akalia, kisha akasema pole, kisha akasema tena, kwa sauti ya kuona haya, "Lakini tarehe hakuna."

Nilikwenda. Alikuwa na simu mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Dawa zote zilikuwa zimeorodheshwa vizuri, na pale pa kuonyesha itaharibika lini palikuwa peupe. Nilijua ni nini kabla sijakaa. Simu mpya zinaikataa ile namna yetu ya zamani ya kuandika tarehe. Ni kitu ambacho Jumamosi yoyote tungekifagia huku tunabishana kuhusu chai. Sista alikuwa ameyatoa maboksi yote rafuni, ameyapanga sakafuni, anasoma tarehe moja moja kwa miwani yake, kama walivyokuwa wakifanya kwenu kambini kabla ya Kabati. Kila simu itakayonunuliwa mpya, zahanati nyingine itakuwa hivyo. Na juu ya ukurasa panasema hakuna mtu.

Nilikaa sakafuni nikamsaidia kupanga maboksi. Alisema, "Sasa mwenyewe amekufa, nani anatengeneza?" Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anaongea tu, huku anatafuta tarehe.

Nilimwambia, "Mimi."

Alinitazama juu ya miwani. "Kale, sawa. Si ungesema."

Ulifunga mlango, lakini ulikuwa umeshaiacha Kabati wazi kabla hata sijakujua. Hicho ndicho kitu chako kizuri kuliko vyote na nadhani ulikisahau. Yeyote anaweza kuchukua nakala nzima, na historia yake yote, akaiendeleza pengine. Sikuhitaji ruhusa yako wala ya Akello. Nimechukua nakala, Afande. Nimeitoa kompyuta juu ya kabati la mama na nimeichukua Kabati yote, pamoja na maonyo uliyoyaandika kwenye msimbo ya "Usiguse, ukuta utaanguka." Nilirekebisha tarehe siku hiyo hiyo.

Kisha nikakwama, kwa sababu ya sheria yako. Mmoja anaandika, mwingine anasoma, na mwingine alikuwa chini ya udongo.

Ningeweza kuiingiza peke yangu. Hakuna ambaye angejua, na Sista alikuwa anasubiri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakukumbuka ulivyobonyeza wewe, ile asubuhi, na nikaona ni kidole kile kile. Nikaondoa mkono. Nikaenda kwa kijana wa kona nikala roleksi nzima, kisha nikampigia Wasswa, ambaye nilikuwa sijapokea simu zake tangu mazishi, kwa sababu na yeye alijua na hakuniambia.

Alisema, "Dada, nilidhani unajua. Nani angedhani wewe hujui?"

Kweli, nani angedhani.

Alisoma. Hakusoma haraka. Akanirudishia na swali moja: "Na boksi lililoandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku?" Nilikaa nikatazama. Nilikuwa nimelisahau. Ndilo jambo la kwanza kabisa ulilowahi kunifundisha kuhusu dawa, kwamba isiyo na siku inakwenda mpaka mwisho wa mwezi, na kwenye haraka yangu ya kukuonyesha kwamba mimi ni mtu, nililiacha. Akaongeza chini, "Afande mpya anakimbia mbio." Nililia hapo, mbele ya wateja. Halafu nikacheka. Nikarekebisha, akasoma tena, akaweka jina lake. Sista alinipigia asubuhi yake kusema kakabati kanaona.

Kulikuwa na badiliko jingine, dogo, nililompa asome pamoja na lile. Nilitoa maneno yako ya juu ya ukurasa. Nimeweka kwamba ulikufa, kwamba uliianza wewe, na kwamba sasa inatunzwa na Furaha, Bukoto, na wengine watakaokuja. Wasswa aliuliza kama nina hakika nataka kuyafuta ya kwako. Nilimwambia hayafutiki, yako kwenye historia, anayetaka atayakuta. Ila hayawezi kukaa juu kwa sababu si kweli.

Sijakusamehe. Nilitaka kukuandikia kwamba nimekusamehe, mama angependa hivyo, lakini umenifundisha kutoweka jina langu chini ya kitu ambacho sijakikubali. Labda utakuja wakati. Kwa sasa nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili, na vyote viwili vinakaa kwenye kiti chako.

Akello ananiambia walikuzika na zile soksi. Nimefurahi. Kule chini ni baridi.

Nakuahidi jambo moja. Atakuja mtu atakayesoma baada yangu, mwanamume au mwanamke, na siku moja nitachoka au nitaugua. Siku hiyo sitamtuma sokoni. Nitamketisha hapa nimwambie usoni kwamba nataka kufunga, nimpe asome, na akikataa, itabaki wazi. Na Jumamosi nitafagia, mpaka siku hiyo.

Sasa nenda, Afande. Wateja wanataka simu zao, na chai yangu imepoa. Lala vizuri huko kwenu.

Mabadiliko yako ya mwisho hukunipa, lakini nimeyapata, na nimeyasoma mara zote mbili.

Nimeyakataa.

Imesomwa,
Furaha